Jina Lisilo na Alama Mwilini

Petro alipokuwa akiota moto uani kwa kuhani mkuu, watu walimjua kwa lafudhi. Hakuwa na haja ya kusema ametoka Galilaya. Ulimi wake ulikwisha kumsema. Lililokuwa mikononi mwake kulikiri au kulikana ni moja tu, kwamba ni mtu wa Yesu. Akalikana mara tatu.

Kabila, ukoo na lafudhi hutuandama hata tukiwa usingizini. Hatuvipotezi kwa uzembe, wala hatuna la kujisifia kwa kuwa navyo. Ukristo hauna alama mwilini, na maji ya ubatizo hukauka siku ileile. Kinachobaki ni uamuzi, na uamuzi waweza kutenguliwa wakati wowote. Ndiyo maana kwa Mkristo swali la “mimi ni nani?” haliachani na swali la “nitabaki mwaminifu kwa nani?”

Alfajiri ya 30 Aprili 1997, waasi walivamia seminari ndogo ya Buta, Bururi, kusini mwa Burundi. Nchi ilikuwa vitani tangu Rais Melchior Ndadaye alipouawa Oktoba 1993. Waliingia bwenini wakawaamuru wanafunzi wajitenge, Wahutu huku na Watutsi kule. Vijana wakakataa. Wakauawa 40.

Tulipime jambo hili vizuri. Waasi wale walipigana kwa jina la Wahutu, kwa hiyo mwanafunzi Mhutu alikuwa na njia ya kupona: hatua chache tu kuelekea upande wa pili. Hakutakiwa hata kuikana imani yake kwa mdomo. Wala vijana wale hawakudai kwamba hawana kabila. Walichokataa ni kabila kupewa mamlaka ya kuamua nani aachwe afe. Paulo, aliyewafundisha Wagalatia kwamba katika Kristo Myahudi na Myunani ni wamoja, mwenyewe alibaki Myahudi na hakuona haya kulisema. Imani haifuti majina yetu mengine. Inayanyima kiti cha hakimu.

Lakini mbona nchini Rwanda, mwaka 1994, wabatizwa waliwaua wabatizwa wenzao, hata ndani ya makanisa ya Ntarama na Nyamata? Swali hili halikwepeki. Ubatizo wa watu wale uliandikwa kwenye daftari la parokia, kabila lao likaandikwa kwenye kitambulisho. Siku ya vizuizi barabarani, kilichosomwa ni kitambulisho. Muuaji na aliyeuawa walibeba majina mawili mawili, na lililotawala ni lile lililokuwa limezoeshwa kutawala kwa miaka mingi.

Kwa hiyo msimamo wa Buta haukuzaliwa alfajiri ile. Ulitokana na kulala bweni moja, kula meza moja, kusali pamoja, na kuzungumzia waziwazi chuki iliyokuwa ikiichoma nchi. Mbele ya bunduki hakuna muda wa kujitafuta. Mtu hutoa kilichokwisha kukaa ndani yake.

Wengi wetu hatutaulizwa kwa bunduki. Tutaulizwa kwa upole, mara nyingi na watu tunaowapenda. Nafasi ya kazi ni moja, na kati ya barua za maombi iko yenye jina la ukoo la nyumbani. Uchaguzi wa wazee wa kanisa umefika, mtu anakunong’oneza, “Tumpe wa kwetu.” Binti analeta mchumba wa kabila lingine, na baba yake, mwimba kwaya wa miaka mingi, anaanza kuuliza habari za damu. Amri ni ileile ya kujitenga, ila inatolewa kwa sauti ya chini, na anayeikataa hatahesabiwa shahidi. Huenda akaitwa msaliti wa kwao.

Vijana huhimizwa sana siku hizi wajitafute ndani ya nafsi zao. Si ushauri mbaya, ila hautoshi. Mkristo hajijui kwa kujichungulia tu. Hujijua pale anapoambiwa amwache mwenzake, akakataa.