Tusiushukuru Moto



Mwishoni mwa kiangazi, Agosti ikielekea Septemba, vilima vilivyo juu ya Rumonge huwa vimekauka, na sehemu nyingine zimechomwa ili ng'ombe wapate majani mabichi. Mvua bado, lakini maua ya porini yanatokeza kwenye majivu. Mti wa umurinzi hauna jani, nao umejaa maua mekundu. Anayeona hayo husema: moto una baraka.

Je, ni kweli? Mimea mingi ya miombo ina mizizi na mashina manene chini ya udongo, yaliyoweka akiba ya maji na chakula tangu msimu wa mvua. Umurinzi hukingwa na gamba lake nene. Moto huondoa nyasi kavu, ua likaonekana. Uhai ulikuwa mzizini. Na moto ukirudi kila mwaka, miche ya miti haikui, msitu hupungua.

Nasema haya kwa sababu ya neno linalosemwa sana kwetu. Machafuko ya Aprili 1972 yalianzia huku kando ya ziwa, mauaji yakaenea nchi nzima, na maelfu wakakimbilia Tanzania. Baadhi ya waliorudi walikuta ardhi yao ikilimwa na wengine. Wamesubiri, wamesomesha watoto. Kisha huambiwa: "Mnaona? Mitihani imewakomaza. Ilikuwa kheri."

Tusichanganye mambo mawili. Kwamba Mwenyezi Mungu humtolea mja kheri ndani ya msiba, hiyo ni imani yetu. Kwamba kheri hiyo inaigeuza dhuluma kuwa wema, hapana. Nabii Yusuf (a.s.) alitupwa kisimani, akafungwa gerezani, kisha akapewa mamlaka Misri. Cheo hicho hakikuwafutia ndugu zake dhambi. Walikiri kosa lao, wakaomba waombewe maghufira.

Mtu atauliza: je, tuishi na kinyongo? La. Yusuf alisamehe. Lakini msamaha hutolewa na aliyedhulumiwa. Aliyedhulumu hawezi kujitangazia. Toba katika haki za waja ina sharti la kurudisha kilichochukuliwa, au kuombana radhi.

Basi tukiona ua kwenye majivu tuseme Subhanallah, tumshukuru aliyeuhifadhi mzizi. Moto wenyewe tuuzime.

Wallahu a'lam.