Nani Anaamua Kihamba Kiote Nini

Novemba 1951 serikali ya kikoloni ya Tanganyika iliamua kwamba ng'ombe wa Mzungu wana haki zaidi ya majani ya Engare Nanyuki kuliko Wameru waliokuwa wakiishi pale. Watu wapatao 3,000 walitolewa kwa nguvu, nyumba zikachomwa moto, mifugo ikaswagwa. Kwenye makaratasi hoja ilikuwa ya uzalishaji. Jaji Mark Wilson, aliyepewa kazi mwaka 1946 ya kuchunguza mgawo wa ardhi pande za Arusha na Moshi, alipendekeza eneo lile liwe ukanda wa Wazungu watupu, na serikali ikalipangia mashamba 13 ya nyama na maziwa. Wenyeji wakaambiwa wahamie King'ori, kule chini kwenye joto na malaria. Wakakataa.

Tukiikumbuka kesi hiyo ya ardhi ya Meru, huwa tunasimulia zaidi safari ya Kirilo Japhet kwenda Umoja wa Mataifa mwaka 1952, akiwa na Earle Seaton, wakili mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi. Ni haki yetu kujivunia. TANU ilikuwa haijazaliwa, na Mmeru ambaye nauli yake ilichangwa na watu wa kwao alisimama New York akaieleza dunia jinsi watu wake walivyofukuzwa. Azimio la kuwatetea halikupata theluthi mbili ya kura kwenye Baraza Kuu. Lakini mradi wenyewe wa walowezi nao haukufika mbali, na leo eneo lile lile, Ngarenanyuki, linalimwa nyanya na vitunguu na Wameru wenyewe.

Kinachonishughulisha mimi ni swali lililokuwa chini ya kesi ile: nani ana mamlaka ya kusema ardhi hii iote nini, na imlishe nani? Mwaka 1951 jibu lilitoka kwa gavana. Siku hizi huku Meru jibu linatoka kwa dalali wa viwanja, na sioni tukilipinga kwa nguvu walizokuwa nazo wazee wetu.

Pandisha kutoka barabara kuu pale Tengeru kuelekea Akheri, au kutoka Usa River kwenda Nkoaranga, utakiona kihamba, shamba la ukoo, kama kilivyorithiwa. Juu migomba, chini yake kahawa, chini ya kahawa maharage na magimbi, mnafu na mchicha ukingoni mwa mfereji. Ng'ombe yuko bandani analetewa majani na magome ya migomba, na samadi yake inarudi shambani. Eneo dogo namna ile linamlisha mwenye nyumba na bado linapeleka mikungu Tengeru siku za soko, Jumatano na Jumamosi. Wataalamu wa kilimo wanakuja kujifunza hapa jambo ambalo bibi zetu walilifanya bila cheti.

Sasa katikati ya migomba kuna ukuta wa matofali na geti jeusi. Ukipita tena baada ya msimu, kuta zimekuwa tatu. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 416,442 katika Jiji la Arusha, ya 2022 ikahesabu 617,631. Watu hao lazima walale mahali, na mimi siwanyimi. Ila udongo mweusi wa volkano wenye mvua ya kutosha uko upande mmoja tu wa Mlima Meru, na huko ndiko kila mwenye pesa anakotaka kujenga, kwa sababu ni kijani, kuna ubaridi na maji yapo. Ukienda nyuma ya mlima unakuta ukame, na maji yenye floraidi inayoacha meno ya watoto yakiwa na rangi ya kahawia. Tunajengea zege ardhi inayozaa na kuwaachia wakulima ile inayowasumbua.

Wanaouza huwa wanalaumiwa kwa tamaa. Mimi sijaiona tamaa kwa wengi wao. Nimeona mzee mwenye bili ya hospitali, baba mwenye ada za watoto wawili, na ndugu wanne waliogawiwa robo ekari ambayo haiwezi kumtosha hata mmoja. Na udogo huo haukuletwa na uzazi peke yake. Tangu Wajerumani, mashamba ya walowezi yalizunguka chini ya mlima na hifadhi ya msitu ikafunga juu, wenyeji wakabaki wamebanwa katikati. Baadhi ya mashamba yale makubwa bado yapo, yanalima kahawa ya kusafirishwa, mengine yanakuza waridi zinazokwenda kuuzwa Ulaya. Watu wetu wamepata ajira humo, sikatai. Lakini mito inayoyanywesha ndiyo hiyo hiyo inayotegemewa na bustani za mboga huku chini, na kiangazi kikikaza anayelala njaa ya maji ni mwenye bustani.

Mwaka 1972 kule Iringa TANU ilitangaza kwamba siasa ni kilimo. Nakumbushia kauli hiyo kwa sababu siku hizi siasa za Arusha ni barabara, hoteli, watalii, na uwanja wa AFCON 2027 kule Olmoti. Bei ya fungu la mchicha katika soko la Kilombero mjini haimo kwenye hotuba yoyote. Nayo inapanda kadiri shamba linavyosogea mbali na sufuria, au mchicha unabaki kulimwa kando ya Mto Themi, kwa maji yaliyokwisha kupita mjini.

Anayeijua bei hiyo ni mama. Ndiye anayepalilia, anayekata majani ya ng'ombe, anayedamka na ndoo ya ngogwe kwenda gulioni. Siku ya kuuza kihamba anaitwa mshili, kiongozi wa ukoo, wanaitwa wajomba na mashahidi, yeye anaambiwa apike chai. Nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo. Mama mwenye nyumba aliuliza kutoka mlangoni, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Baba, na kesho tutachuma wapi?" Mzee mmoja akamjibu, "Mama, subiri wanaume wamalize." Wakamaliza, kihamba kikaenda.

Sheria haiko upande wa kikao kile. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, inabatilisha mila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki na kutumia ardhi. Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2007 inakipa kijiji uwezo wa kupanga wapi pajengwe na wapi palimwe. Mpango huo ukipitishwa na mkutano mkuu wa kijiji, dalali anakutana na kitu kigumu kuliko huruma ya mzee mmoja mwenye shida. Vijiji vya Meru ambavyo mji haujavimeza bado vina nafasi hiyo, na muda wake ni mfupi. Nataka mikutano hiyo iitishwe kabla ya msimu wa kulima. Nataka mipaka ya mashamba ya chakula ichorwe kwanza, viwanja vifuate. Na baraza la ardhi la kijiji lina wajumbe saba, watatu kati yao lazima wawe wanawake. Watatu hao wachaguliwe kutoka kwa akina mama wanaouza mboga Tengeru.