Kura Juu ya Mtoto Mgonjwa



Dada mmoja wa kanisa letu, aliyehamia Jinja kutafuta kazi, alitupigia simu usiku. Mtoto wake alikuwa amelazwa kwa homa, na muuguzi alimletea karatasi ya utafiti ili atie sahihi. Alielezwa kwamba watoto wanagawanywa kwa kura, wengine wapewe dawa hii, wengine ile. Akatuuliza: “Mchungaji, mtoto wangu apigiwe kura kama nguo za Yesu pale msalabani?” Hatukuwa na jibu. Tulimwombea, tukamwambia aombe muda mpaka asubuhi, kisha usingizi ukatukimbia.

Tusimcheke dada huyu. Sisi wakimbizi tumetia vidole kwenye karatasi nyingi mno. Tumehesabiwa, tumepigwa picha, tumetolewa damu, na mara nyingi aliyechukua hakurudi kutuambia aliona nini. Ndiyo maana kwenye bomba la maji watu husema damu yetu inauzwa. Maneno hayo si ya kweli, lakini hayakuanza bure.

Usiku ule tulikumbuka habari ya Mbale, mji ambao baadhi yetu tuliufahamu tulipokuwa chuo cha Biblia. Kuanzia mwaka 2009 hospitali ya Mbale ilikuwa moja ya hospitali sita za Uganda, Kenya na Tanzania zilizofanya utafiti ulioitwa FEAST, ukiongozwa na daktari Kathryn Maitland. Swali lilikuwa juu ya serumu, ambayo hapa Uganda wanaiita dripu. Mtoto akifika na homa kali, mikono na miguu ya baridi, damu haizunguki vizuri, je, atiwe maji mengi ya mshipa kwa haraka? Katika nchi tajiri ndivyo walivyofanya, na vitabu vilifundisha hivyo. Wengi waliamini kwamba watoto wa Afrika wanakufa kwa kukosa maji hayo.

Watoto 3,141 waligawanywa kwa kura makundi matatu. Wote walipewa dawa za malaria au za maambukizo kadiri ya haja yao, na wote waliangaliwa. Makundi mawili yalitiwa maji mengi kwa haraka, la tatu halikutiwa kwa namna hiyo. Matokeo yaliwashangaza hata watafiti. Katika kila watoto 100 waliotiwa maji kwa haraka, kati ya 10 na 11 walikufa ndani ya saa 48. Katika wale wasiotiwa, walikufa 7. Msaada ule ulikuwa unaua.

Tukae hapo kidogo. Kabla ya utafiti, ni waganga na wauguzi wangapi walimtia mtoto maji kwa haraka, kwa moyo mwema, labda wakiomba Mungu? Mtoto akifa, walisema ugonjwa ulikuwa mkali. Akipona, walisema dripu imemponya. Tofauti ya watoto 3 au 4 katika 100 haionekani kwa macho ya mtu anayezunguka vitandani usiku, hata akiwa na huruma nyingi kiasi gani. Inaonekana kwa kuhesabu tu. Sisi wachungaji tumezoea kusema kwamba upendo unatosha. Hapa upendo ulihitaji daftari.

Na kura je? Mithali 16:33 yatukumbusha kwamba neno la kura liko mikononi mwa Bwana. Lakini tazameni mitume katika Matendo 1. Hawakupiga kura kati ya mtu mwema na mwizi. Walichunguza kwanza, wakabaki na wawili ambao wote walistahili, wasijue wamchague yupi. Hapo ndipo kura ikawa halali. Kwa hiyo tunaamini kwamba mtafiti asiyejua kweli kipi ni bora, na akakubali mbele ya watu kwamba hajui, hamtendei mtoto dhambi akipiga kura. Akishajua, akaendelea kupiga, ni dhambi kubwa. Kule waliweka kamati ya pembeni ya kutazama hesabu, na Januari 2011 kazi ilisimamishwa kabla idadi waliyokusudia haijatimia.

Bado kuna jambo linalotuchoma. Mtoto anayekata roho hangoji mama asome karatasi. Kwa hiyo wazazi wengine waliombwa kukubali kwa mdomo tu kwanza, maelezo kamili na sahihi vikaja baadaye. Mtoto akifa kabla, ridhaa hiyo kamili haikuombwa tena. Kamati za maadili ziliruhusu hivyo, na sababu tunaielewa: mama analia, utamwekaje kalamu mkononi? Hata hivyo hatujaridhika. Mama aliyemzika mwanawe ana haki ya kujua yaliyofanyika, hata kama kujua kunauma. Mzee mmoja wa kanisa alituambia tunawahukumu waganga kwa ukali. Huenda.

Kwa watu wazima ni rahisi zaidi. Danieli, mkimbizi kama sisi, aliomba mwenyewe ajaribiwe siku kumi kwa mboga na maji, kisha alinganishwe na wengine (Dan. 1). Huko huko Jinja, kuanzia mwaka 2005, wagonjwa 1,453 wenye virusi vya ukimwi waliingia katika utafiti uliofanyika kwenye kliniki ya TASO. Maeneo yaligawanywa kwa kura: wengine waliletewa dawa nyumbani na wafanyakazi wasio waganga, waliopanda pikipiki, wengine waliendelea kwenda kliniki. Vifo vilikaribiana. Maskini asiye na nauli alipata jambo la kushukuru hapo. Lakini mtoto mchanga si Danieli, hawezi kujisemea.

Mnakumbuka maji ya Daudi (2 Sam. 23:15-17). Mashujaa watatu walipenya kambi ya adui kumletea maji ya Bethlehemu, naye akakataa kuyanywa, maana aliyaona kuwa ni damu ya watu. Akayamimina mbele za Bwana. Ujuzi uliotoka Mbale nao una bei ya damu. Lakini huu haufai kumwagwa. Matokeo yalichapishwa Mei 2011, na Shirika la Afya Duniani lilipunguza maji hayo katika mwongozo wake mwaka 2016. Miaka mitano. Hilo linatukasirisha kuliko kura.

Tafadhali, mama asikatae dripu ya kipindupindu au ya kuharisha kwa sababu ya barua hii. Watoto wa kuharisha hawakuwamo katika utafiti ule. Aliyekaushwa na kuharisha anahitaji maji, na haraka.

Asubuhi tulimpigia dada yetu. Tulimwambia hatuwezi kumtilia sahihi, ila aulize matatu: Je, ni kweli hamjui dawa ipi ni bora? Nikikataa, mtoto atatibiwa vilevile? Mkimaliza, nani atakuja kuniambia mlichoona? La kwanza na la pili alijibiwa vizuri, akaandika. Kwa la tatu muuguzi alinyamaza, akasema ataenda kumwuliza mkubwa wake. Alhamisi dada atarudi kusikia jibu, naye ametuomba tukae karibu na simu.