Mwalimu wa Watu Wazima Naye Afundishwe

 

Ndugu zetu wasomaji, sisi watu wa mwambao tuna ada moja: kijana akikhitimu msahafu na kuzijua irabu zake, hapo hapo twamwita mwalimu, na twampeleka popote penye mwenye kutaka kusoma. Kwa watoto huenda likafaa hilo. Kwa watu wazima halifai, nami nimelijua kwa kosa langu mwenyewe.

Nilikwenda Silibwet, karibu na Bomet katika nchi ya chai, pamoja na vijana wanne wa kwetu Mombasa, kusudi wazoee kuwasomesha ndugu zetu waliosilimu ukubwani. Wengi wao ni Wakipsigis wachumao chai. Huamkia shambani, kisha husimama safu kungojea majani yao yapimwe, na darasani huja baada ya Maghribi, vidole vimekakamaa. Usiku wa kwanza nilisomesha mimi, ili vijana waone. Nikamsimamisha mzee mwenye wajukuu asome Fatiha. Alipofika penye ghaini na dhadi, ulimi ukamkatalia. Nikamrudisha mara ya pili, ya tatu, ya nne, kama nilivyorudishwa mimi chuoni nikiwa na miaka saba. Kijana wangu mmoja akacheka. Mzee akakaa, akangojea dua ya mwisho kwa adabu, na usiku wa pili hakuja.

Akili hakupungukiwa. Lugha ya Kipsigis haina ze, wala shini, wala fe. Sisi tumezinyonya sauti hizo pamoja na maziwa ya mama zetu. Yeye ameanza kuzitafuta akiwa na mvi. Mwalimu asiyelijua hilo hudhani uzito wa ulimi ni uzito wa akili. Na Mtume S.A.W. ametufahamisha, kwa Hadithi iliyomo katika Bukhari na Muslim, kuwa asomaye Qurani kwa tabu ana ujira mara mbili. Basi mwenye ujira maradufu ndiye tuliyemcheka!

Muawiya bin al-Hakam alimwombea rehema mtu aliyepiga chafya, nao wamo katika Sala. Watu wakamkazia macho. Sala ilipokwisha, Mtume hakumkemea, hakumpiga, wala hakumtukana. Alimweleza tu kuwa humo hamfai maneno ya watu. Muawiya mwenyewe ndiye aliyeshuhudia baadaye kwamba hajapata kuona mwalimu bora kuliko yeye.

Mtu mzima hatumwi chuoni na babake. Huja na haja yake. Marehemu Kimani Maruge aliingia darasa la kwanza huko Eldoret mwaka 2004, umri wake miaka 84, na haja yake moja ilikuwa kuisoma Biblia kwa macho yake. Na heshima huogopa kuivunja. Serikali ya Kenya ilianzisha kampeni ya kisomo cha watu wazima mwaka 1979, na watu wakayaita madarasa yale ngumbaru, hata neno likawa la dhihaka. Nani apendaye kuonekana akiingia mahali paitwapo hivyo?

Siku ya tatu asubuhi nikawachukua vijana wote tukaenda kumtaka radhi mzee shambani kwake. Hakusema neno, akatupa vikapu. Sharti la chai ni majani mawili na kichipukizi, na vijana wangu wakachuma majani makuu yaliyokomaa. Mzee akayatoa moja moja, akawaonyesha tena jinsi ya kushika, bila kucheka. Aliyecheka ndiye kikapu chake kilichochelewa kujaa.

Usiku ule mzee alikuja, na kijana yule akakaa naye kando, wawili peke yao, wakaanza na ghaini.

Vijana wengine watakwenda huko baada ya Idi, inshallah. Kila mmoja atachuma chai siku tatu kabla ya kushika darasa, na usiku wa kwanza atauliza tu: kila mwanafunzi ataka kujua nini kwanza? Atakaye kujitolea na amwone katibu wa darsa baada ya Isha.