Nani Amemwona Akifanya Kazi?

Zipo kampuni ambazo nafasi ya kazi ikitokea, watu wa kwanza kuambiwa ni waliomo ndani. Afisa rasilimali watu hutuma ujumbe kwa wafanyakazi: tunatafuta mhasibu, tunatafuta mtu wa mauzo, nani anamfahamu anayefaa? Anayeleta mtu akaajiriwa hupewa bonasi. Mara nyingine tangazo halitoki kabisa kwa kuwa mtu ameshapatikana. Mabosi wanausifu utaratibu huu kwamba unaokoa muda na fedha. Vijana wanaozunguka mjini na bahasha za vyeti wanauona ni kujuana kule kule, ila sasa kumepewa fomu na malipo. Mimi siwezi kukubaliana moja kwa moja na upande wowote, kwa sababu wote wanaliita kwa jina moja jambo ambalo ndani yake ni mambo mawili. Mfanyakazi anayesema “huyu nimemwona akifanya kazi” ametoa ushahidi. Anayesema “huyu ni wa kwetu” ameomba upendeleo. Haki ya wanaostahili inategemea ofisi inataka kusikia lipi kati ya hayo, na inalisikia wakati gani.

Wanaoutetea utaratibu huu wana hoja nzito. Mwaka 2015 wanauchumi Stephen Burks, Bo Cowgill, Mitchell Hoffman na Michael Housman walichapisha uchunguzi juu ya kampuni kubwa tisa za vituo vya simu, malori na teknolojia. Walikuta kwamba walioletwa na wafanyakazi hawaachi kazi upesi kama wengine, na kwamba kampuni hupata faida zaidi kwao, hasa kwa sababu gharama za kutafuta watu wapya hupungua. Madereva walioingia kwa njia hiyo walipata ajali chache zaidi. Hata hivyo, katika vipimo vingi vya utendaji wa kila siku hawakuwapita sana wenzao walioomba wenyewe. Faida ipo, na anayeikana anajidanganya. Lakini ni faida ya mwenye kampuni. Uchunguzi wa namna hiyo unaweza kuwalinganisha walioajiriwa kwa njia hii na walioajiriwa kwa njia ile. Hauwezi kumpima aliyestahili ambaye hakuitwa, wala hakupata kujua kwamba nafasi ilikuwepo.

Huyo ndiye anayenishughulisha. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, aliandika makala iliyopata sifa kubwa, akieleza jinsi watu wa kitongoji kimoja cha Boston waliobadili kazi walivyozipata. Waliopata kazi kupitia mtu, wengi wao hawakusaidiwa na rafiki wa chanda na pete. Waliokuwa wakionana mara kwa mara na aliyewapa habari hawakufika asilimia 17. Waliobaki waliambiwa na mtu wanayeonana naye mara moja moja tu. Sasa tuilete habari hiyo kwetu Tanzania. Binti aliyekulia Nkasi au Tandahimba si mpweke. Ana shangazi, majirani, walimu, waumini wenzake, na hao watasimama naye katika ugonjwa na msiba. Wasichokuwa nacho ni ule ufahamiano wa juu juu na watu wa maofisini, wa kukutana kwenye harusi na kuulizana habari za kazi. Mwenzake aliyelelewa mjini na mzazi mwenye cheo hana hata haja ya kuomba msaada. Habari za nafasi humfikia sebuleni. Wote wawili wanaweza kuwa wamemaliza chuo kimoja kwa alama zile zile. Tena yule binti huenda alisomeshwa kwa fedha za Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoanza kazi mwaka 2005 ili mtoto asiye na uwezo asikwame, na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara mpaka deni liishe. Nchi imembeba hadi mlango wa ajira, kisha pale mlangoni anaulizwa anamjua nani.

Wengi hudhani dhuluma hii hufanywa na watu wenye roho mbaya. Ushahidi unaonyesha kwamba hata watu wema huifanya bila kukusudia. Lori Beaman, Niall Keleher na Jeremy Magruder walifanya jaribio nchini Malawi katika kuajiri wadadisi wa kukusanya takwimu. Waombaji waliambiwa wamlete mtu mwingine anayefaa kazi hiyo. Wanaume walipoachiwa wachague wenyewe, walitaja wanawake wachache. Walipoambiwa ni lazima wamtaje mwanamke, waliwaleta wanawake wenye sifa. Kumbe walikuwa wakiwafahamu muda wote. Jaribio jingine, la Beaman na Magruder huko Kolkata, India, lililochapishwa mwaka 2012, linafundisha zaidi. Waliolipwa kiasi kile kile bila kujali uwezo wa mtu waliyemleta walielekea zaidi kuleta ndugu. Wale ambao malipo yao yalitegemea jinsi mtu wao atakavyofanya kazi waliwaleta zaidi wafanyakazi wenzao. Kwa hiyo watu wanaijua tofauti kati ya ndugu na mchapakazi, na hawahitaji semina ya kuifundishwa. Wanajibu kile walichoulizwa, na bonasi inayotolewa kwa kuleta mtu tu inawauliza swali baya.

Lakini nisieleweke kwamba nataka mapendekezo yafutwe. Kuna mahali ambapo ndiyo haki yenyewe. Fundi uashi aliyejifunza kazi kwa kubeba zege tangu ujana wake hana cheti cha kuonyesha. Vivyo hivyo dada wa kazi, mpishi wa mama lishe, dereva wa familia. Cheti chao ni neno la aliyewahi kuwatumia: ukuta huu kajenga yeye, mvua tatu zimepita na haujapata ufa. Ukiwanyima neno hilo kwa jina la usawa, umemwachia kazi mwenye karatasi hata kama mkono wake ni mzito. Katika kazi hizi anayempendekeza mtu anasimamia jambo aliloliona kwa macho, na likiharibika lawama inamrudia yeye. Ndiyo maana mapendekezo ya mafundi mara nyingi yana ukweli kuliko ya maofisini, ambako anayependekeza hukutana na matokeo mara chache, na mzigo wa mtu asiyeweza kazi hubebwa na wenzake wa idara nyingine.

Wako watakaosema biashara ni mali ya mtu, na mwenye mali humwajiri amtakaye. Kwa duka la Kariakoo nakubali kabisa. Anayemkabidhi mpwa wake droo ya fedha hajamdhulumu mtu, maana uaminifu wa damu ndio mtaji alionao, na hasara ikitokea ni yake. Benki yenye matawi mikoa yote haiwezi kujificha nyuma ya duka hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 7, inamtaka mwajiri akuze fursa sawa na kumkataza kubagua kwa kabila, mahali mtu anakotoka, jinsia, dini au hali ya maisha, na inagusa taratibu za kutangaza kazi na kuchagua waombaji. Ofisi inayopokea watu wa kuletwa tu haijaandika popote kwamba inabagua, lakini ikiwa waliomo wametoka sehemu moja, watakaoletwa watatoka huko huko. Kenya ililiona hilo katika taasisi za umma, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 ikaweka mpaka kwamba jamii moja isizidi theluthi moja ya wafanyakazi wa taasisi. Sheria kama hiyo haitungwi mpaka hisani ndogo ndogo za watu wengi zimejumlishwa na kuzaa ofisi ya watu wa upande mmoja.

Hoja ya udugu ni ngumu zaidi, na sipendi inavyobezwa na wasomi. Aliyepata mshahara katika ukoo usio na mwingine mwenye mshahara hutazamwa na wote. Akikaa kimya nafasi inapotoka, ataambiwa amewatupa ndugu. Wajibu huo ni wa kweli, na umesomesha watoto wengi. Ila una njia halali ya kutimizwa: mwambie ndugu yako kwamba nafasi ipo, mlipie nauli, msaidie kuandika barua ya maombi, mkalishe chini umwandae kwa usaili. Hayo yote ni mali yako kuyatoa. Nafasi yenyewe si mali yako. Na wanaosema kwamba hata usaili wa wazi huwapendelea waliosoma shule za gharama na kuzungumza Kiingereza bila kigugumizi wanasema kweli. Dawa ya hilo ni kuwapa waombaji wote kazi ile ile waifanye kwa vitendo, na kuisahihisha kwa namba bila majina.

Mwajiri anayetaka kunufaika na macho ya wafanyakazi wake bila kuwafungia wengine hahitaji gharama kubwa. Atangaze nafasi kwa wote kwanza. Anayependekeza aandike kwenye fomu ana uhusiano gani na mwombaji, ni kazi gani amemwona akiifanya, wapi na lini, kisha asikae kwenye jopo la usaili. Bonasi ilipwe baada ya kipindi cha majaribio kwisha na kazi kuonekana. Na kama uamuzi wa kumchukua mtu wa ndani umeshafanyika, tangazo lisitolewe kabisa. Kijana anayepanda basi usiku kucha kutoka Kigoma kwa nauli ya kukopa, ili ajibu maswali ya nafasi iliyokwisha kujazwa, ameibiwa fedha na siku zake, na hakuna dawati analoweza kwenda kudai arudishiwe.