Kiingiacho Si Kifaacho

Liko swali ambalo kwa macho ni dogo, lakini lina uzito: fundi akiletewa baisikeli ya kale, naye hana kipande kilichoundwa kwa ajili yake, je, ana haki kutia kipande kingine kwa nguvu, mradi kiingie? Twapenda kulitazama swali hili pamoja na wasomaji wetu, maana ndani yake mna habari ya uaminifu katika kazi zote.

Tuseme mzee mmoja wa Kewanja, katika nchi ya Wakuria, ana baisikeli ya Raleigh aliyoachiwa na baba yake. Mwili wake ungali imara, bali mikono ya pedeli yacheza, na goroli za katikati zalia. Kiwanda cha Raleigh kilichokuwa Nottingham, Uingereza, kilifungwa mwaka 2002, na vipande vingi viuzwavyo madukani siku hizi ni vya India na China. Mzee amwambia fundi, “Mwanangu, tia chochote, nataka niwahi sokoni.”

Hapo ndipo penye mtego. Ekseli ya pedeli hukaa kati ya vikombe viwili vya goroli, navyo hushikwa mwilini kwa hesi, yaani mikato ya parafujo. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza viwanda vya nchi yake vifuate hesi za kipimo kimoja, kwa kuwa kila karakana ilikuwa ikikata zake. Maana kipimo ni ahadi baina ya watu wasiojuana: aliyeunda huko aliko amwahidi atakayetengeneza huku. Lakini katika baisikeli ahadi haikuwa moja. Viwanda vingi vya Kiingereza vilikata hesi 24 katika kila inchi ya kikombe. Raleigh ilikata 26. Upana ni karibu sawa, yapata milimeta 35, hata jicho halioni tofauti.

Kikombe cha 24 kitazunguka kidogo katika mwili wa 26, kisha kitakwama. Fundi mwenye haraka atashika spana ndefu, na kikombe kitaingia kweli, ila kitaingia kwa kuzila hesi za mwili. Siku hiyo mzee ataondoka akishukuru. Baadaye kikombe kitalegea, na hapo hata kikipatikana kikombe cha asili, hakitakuwa na pa kushika.

Tazameni, basi, ubaya wa jambo hili ulipo. Kipande kibovu si hasara kubwa, kwa kuwa kingine chaweza kununuliwa. Hasara ni kwamba mahali pa kukaa kipande cha kweli pamekwisha haribiwa. Na uongo wa maneno ni vivyo hivyo: aliyedanganywa leo, kesho hata akiambiwa kweli haimshiki. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Nasi twaongeza kwamba huharibu njia ya wengine wajao nyuma yake.

Hata hivyo hatusemi kwamba kila kurekebisha ni udanganyifu. Mkono wa pedeli katika baisikeli hizo hufungwa kwenye ekseli kwa pini yenye upande mmoja bapa. Pini za Raleigh zina unene wa milimeta 9.5, na ziko nyingine za milimeta 9. Pini nyembamba ikipigwa nyundo katika tundu pana, itacheza na kuila ekseli. Lakini pini ya unene wake, ikiwa bapa halijalala sawasawa, fundi huipiga tupa kidogo kidogo hata ikae, na hiyo ni kazi halali ya tangu zamani. Tofauti ni nini? Kwa tupa, kitu cha bei ndogo kimefanywa kikifuate kitu cha thamani. Kwa ile spana, kitu cha thamani kimelazimishwa kukifuata cha bei ndogo.

Mtu atauliza, “Je, maskini akose soko kwa sababu ya hesi? Tena fundi huyu akikataa, jirani yake atakaza spana na kuchukua fedha.” Neno hili lina nguvu, wala hatulidharau, maana fundi naye ana watoto. Wengine watasema kwamba mzee mwenyewe ameruhusu. Lakini mtu hawezi kuridhia hasara asiyoijua. Mzee hakujua kwamba mwili wa baisikeli ya baba yake utaharibika. Fundi alijua, na ujuzi huo ndio deni lake.

Kati ya kukataa na kudanganya iko njia ya tatu, nayo ni kusema: “Mzee, kikombe hiki hakilingani, nikikilazimisha nitakuharibia mwili. Vyako vya kale nitavisafisha, nitie goroli mpya na grisi. Goroli za robo inchi zapatikana bado. Nenda polepole bila mzigo, nami nitakutafutia vikombe vya kipimo katika baisikeli zilizokwisha kufa.” Matengenezo hayo ni nusu, lakini ni ya kweli, na mzee ajua ni nusu.

Nasi wenye baisikeli tuna wajibu wetu. Fundi wa haraka twamsifu, na yule akaaye na kipimo twamwona mzembe; tena twataka kulipa kazi ya nyundo tu, kazi ya kupima hatuilipi. Huko Nyamongo, penye mgodi wa North Mara ulioanza kutoa dhahabu mwaka 2002, hakuna auzaye dhahabu kwa kukisia mkononi. Kila mtu hutaka mizani, na sehemu ndogo ya gramu yaweza kuleta ugomvi. Watu wajuao hivyo thamani ya kilicho kidogo wasione taabu kumlipa fundi aliyeiona nusu ya milimeta, akasema.