Kamba ya Bibi Zaynab

 

Siku moja Mtume Muhammad (S.A.W.) aliingia msikitini akakuta kamba imefungwa baina ya nguzo mbili. Akauliza ni ya nini. Akaambiwa ni ya mkewe, Bibi Zaynab: husimama kuswali, na akichoka huishika. Mtume akaamuru ifunguliwe, akaelekeza kuwa mtu aswali akiwa na nguvu zake, na akichoka aketi. Hadithi hii wameipokea Bukhari na Muslim.

Zingatieni, ilikuwa kamba ya ibada, na bado ilifunguliwa. Ikiwa sala ya sunna haikuruhusiwa kumchosha mja namna ile, seuze masufuria na marundo ya nguo?

Mama zetu, kamba zenu ni nyingi. Mama anaamka kabla ya adhana ya Alfajiri achome maandazi ya kuuza, aogeshe watoto wa shule, aende kazini, arudi akune nazi, na usiku kucha ananyonyesha. Ukimuuliza kama amekula, atasema atakula baadaye, na baadaye yenyewe ni ukoko. Kichwa kikimuuma anameza kidonge, anaendelea. Nasi tunamsifu kwa ujasiri. Sifa hiyo mimi naitilia shaka, maana aghalabu hutolewa na mtu aliyekaa kitako.

Sahaba Salman al-Farsi alipomwambia sahaba mwenzake Abu Dardaa kwamba nafsi yake nayo ina haki juu yake, Mtume alithibitisha kuwa Salman amesema kweli. Basi kula chakula cha moto, mama, na ulale mchana mtoto akilala. Vyombo vitangoja.

Na moyo je? Someni Surat Maryam. Uchungu ulipomshika Bibi Maryam penye shina la mtende, alitamani lau angekufa kabla ya hayo. Hakukaripiwa kwamba imani yake ndogo. Alipewa kijito cha maji na tende mbivu, akaambiwa ale, anywe, atulie, na siku hiyo asiseme na mtu. Hata kujibu maswali ya watu alipumzishwa!

Wazee wetu wa pwani walilijua hilo: mzazi hutunzwa arubaini nzima, akakandwa kwa maji moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga. Tatizo ni siku ya arubaini na moja, wasaidizi wanapofunga virago. Mama akiwa na huzuni isiyomtoka, usingizi ukimkimbia hata mtoto amelala, akitamani kufa, hayo ni maradhi. Apelekwe hospitali haraka, asiachwe peke yake. Mtume ametuamuru tujitibu, na dua haigombani na dawa. Kumwambia mama huyo kwamba anadeka ni dhuluma.

Enyi waume, Bibi Aisha, mke wa Mtume, aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini nyumbani. Alijibu kuwa alikuwa katika kuwahudumia ahli zake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kuswali. Basi leo mkitoka msikitini msipitie barazani. Nendeni moja kwa moja nyumbani, mchukueni mtoto, na mama yake mwambieni akalale.